Moduli Iliyokunywa Chai

Wanaoijua Jamhuri ya Bwelele hawahitaji kuelezwa, na wasioijua wasihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana Wizara ya Ramani ya huko bado inasubiri kibali cha kuchora mipaka. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye mawaziri sitini na wawili, na yenye Rais ambaye mwaka ule alirudi kutoka ziara ya siku arobaini ng'ambo akiwa na jambo moja tu moyoni. Hotelini alikolala, mlango wa chumba chake ulifunguka kwa kuonyeshwa kadi. Hakuna aliyeugusa wala kuupigia saluti. Rais alisimama pale koridoni akaufungua na kuufunga mara thelathini, na walinzi wake wanasema hawajawahi kumwona na furaha ya namna ile tangu siku aliyopindua serikali.

Ikaamriwa kwamba milango yote ya Serikali ya Bwelele ifunguliwe kwa kadi. Wa kwanza ungekuwa mlango wa Hospitali Kuu. Sababu ilikuwa ya busara sana: viongozi wote walitibiwa nje ya nchi, kwa hiyo mlango ukigoma haungemfungia nje mtu yeyote wa maana.

Kazi ilipelekwa Wizara ya Milango, yenye wakurugenzi arobaini na mmoja na fundi mmoja. Fundi huyo aliitwa Tumsifu Kilangi, mtu mrefu, mkimya, wa miaka thelathini na sita, mwenye tabia ya kusoma kitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Tabia hiyo ilikuwa imemnyima cheo mara tatu.

Boksi la kisomaji cha kadi lilipofika kutoka kiwandani alilifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kisomaji chenyewe, kidude cha ukubwa wa kiberiti, kibao cha kijani chenye antena iliyojizungusha kama konokono. Wenye kiwanda walikiita moduli, maana kilikusudiwa kufichwa ndani ya kitu kingine na kufanya kazi bila kuonekana. Tumsifu alisoma maelekezo siku mbili. Alielewa kwamba kidude hakijui lolote mpaka kiambiwe: kisikilize kadi za aina gani, kiamke mara ngapi kwa sekunde, kiwashe taa ipi, kiliambie nini komeo la mlango. Akakipenda. Kilikuwa kitiifu kabisa, na kasoro yake ilikuwa moja: kilifanya kile hasa unachokiambia.

Sasa kilichobaki ilikuwa kujua cha kukiambia, na hapo ndipo Kamati ya Usanidi ilipoingia, watu ishirini na watatu chini ya Katibu Mkuu wa Wizara, Dakta Bonifasi Mtutura. Dakta Mtutura alikuwa mtu mfupi aliyezungumza polepole, kama anayeandikisha maneno yake kwa wachonga mawe.

"Fundi," alisema, "tueleze umbali."

"Sentimita tano, mheshimiwa. Mtu anasogeza kadi karibu, kisomaji kinaisoma, mlango unafunguka."

Mkurugenzi wa Itifaki alivua miwani.

"Unataka kusema," Dakta Mtutura aliuliza, "kwamba Mheshimiwa Waziri atakisogelea hicho kidude? Atanyoosha mkono kama anayeomba?"

"Ndivyo mawimbi yake yalivyo, mheshimiwa. Nguvu yake inaishia hapo. Hiyo ni fizikia."

"Hiyo fizikia imewahi kuitwa mbele ya Kamati?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi isituamulie mambo."

Ilipitishwa kwa kauli moja kwamba umbali uwe mita sita. Halafu wakaingia kwenye taa. Kitabu kilipendekeza kijani kwa aliyekubaliwa na nyekundu kwa aliyekataliwa, lakini nyekundu ilikuwa rangi ya chama cha upinzani, ambacho hakikuwepo kisheria na hakikupaswa kuonekana mlangoni. Wakaamua anayekubaliwa awashiwe kijani, na anayekataliwa awashiwe kijani pia, ila apewe muda wa kutafakari. Mlio ulileta ubishi wa saa nne. Wapo waliotaka wimbo wa taifa, beti zote, mpaka mtu mmoja alipokumbusha kwamba wakati wa wimbo wa taifa hakuna anayeruhusiwa kutembea, na kwa hiyo hakuna ambaye angeingia. Wakakubaliana kuhusu kigelegele.

Likabaki kasha. Mdogo wake Waziri alikuwa na karakana ya mageti, na bila mashindano yoyote yaliyojulikana alishinda kazi ya kulitengeneza. Akaleta kasha la chuma cha milimita nane, refu kumpita Tumsifu, pana kama kabati la nguo, na mbele yake nembo ya taifa: tausi wa shaba mwenye jicho moja lililotobolewa.

Tumsifu alilizunguka mara mbili. "Mheshimiwa," alimwambia Dakta Mtutura, "chuma kinameza mawimbi. Moduli ikikaa humo haitasikia kadi hata ukiibandika."

"Hiki ni chuma cha Serikali," alijibu Dakta Mtutura. "Hakiwezi kuizuia kazi ya Serikali. Uzinduzi ni keshokutwa."

Siku iliyofuata, tangu asubuhi, Tumsifu alihangaika pale mlangoni. Aliongeza nguvu, akapunguza, akahamisha antena juu, chini, nyuma ya mkia wa tausi. Alibadilisha kila kilichobadilishika. Kadi ilipita mbele ya kasha mara mia na kasha likakaa kimya kama ofisi ya Serikali siku ya Ijumaa mchana.

"Hakikujui," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Bi Mashavu, mlinda mlango wa hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili. Juma hilohilo alikuwa amepewa barua ya kuachishwa kazi, iliyomshukuru kwa kusimama. Alikuja kuchukua chupa yake ya chai na kigoda chake. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na saba, mwenye mashavu yaliyostahili jina na ulimi uliozidi mashavu.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, baba. Hicho ndicho kilichonitoa?"

"Ndicho."

"Na hakifanyi kazi."

"Hakifanyi."

Bi Mashavu akacheka, kicheko cha chini chini kisicho na chuki, akaketi kwenye kigoda. "Mimi walikuwa wananiletea watu wanaokimbia na mgonjwa mgongoni. Namtazama mtu, najua. Huyu anaumwa, huyu anamtafuta mke wake alale naye wodini, huyu amekuja kuiba mashuka. Kadi yangu mimi ni macho."

Tumsifu alimtazama. Kisha akalitazama kasha, upana wake, na lile jicho la tausi lililotobolewa kwa urefu wa mtu aliyeketi. Likamjia wazo ambalo mtu mwenye akili timamu angelifukuza, na yeye alikuwa hajalala siku mbili.

"Bi Mashavu," alisema polepole, "kasha hili ndani lina nafasi."

Mama yule hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alifungua mlango mdogo wa nyuma, akaingia, akakaa, akachungulia. Sauti yake ikatoka kwenye chuma kama inatoka kisimani. "Joto."

"Nitaweka feni."

"Na kigoda changu kinaingia. Nibonyeze wapi?"

"Kitufe hiki kinafungua mlango. Hiki kinapiga kigelegele."

"Kigelegele napiga mwenyewe," alisema Bi Mashavu. "Hicho cha kwenye mashine kinanitia aibu."

Uzinduzi ulifana. Waziri wa Milango, Mheshimiwa Gaudensi Kimori, alihutubia saa moja na nusu, akisema kwamba kuanzia siku ile Bwelele haitabisha tena hodi kwa mataifa. Kisha akasimama mita sita kutoka mlangoni, zilizopimwa kwa utepe, mikono mfukoni, kidevu juu. Tumsifu alisimama pembeni na jasho likimtiririka mgongoni. Aliomba kwa Mungu wake, na kwa tahadhari akaiombea na feni.

Kigelegele kilipasuka. Kilikuwa kirefu, kilichopanda na kushuka, chenye pumzi ya mwanamke aliyezika wazazi na kuozesha mabinti wanne. Taa ya kijani ikawaka. Mlango ukafunguka. Watu walipiga makofi mpaka kunguru wakahama paa.

Waziri aliingia, akatoka, akarudia. Mara ya nne alijipapasa mifukoni akagundua kwamba kadi aliisahau nyumbani. Wengine wangefedheheka. Yeye uso ulimng'aa.

"Kimenitambua bila kadi," aliwaambia waandishi wa habari. "Kimeisoma hadhi."

Magazeti yaliandika hivyo hivyo. Wakaja wageni kutoka nchi jirani kuona kisomaji kinachosoma kutoka mita sita, jambo ambalo wataalamu wao waliwaambia haliwezekani. Wakarudi kwao na kuwafukuza wataalamu. Taarifa za kila wiki za Wizara zilisifu ufanisi na kuongeza kwamba mara chache moduli hutoa mlio wa pili, mfupi na mkavu, ambao maana yake bado inachunguzwa. Tumsifu alimpelekea Bi Mashavu dawa ya kikohozi. Kila jioni saa kumi na mbili kasha lilipumzishwa ili lipoe, mlango ukaachwa wazi hadi asubuhi, na hakuna mjumbe wa Kamati aliyeona ajabu.

Mambo yaliharibika mchana mmoja wa Jumanne. Kanuni ilisema asiye na kadi haingii. Kadi zilitolewa na ofisi moja, ghorofa ya tisa ya jengo lisilo na lifti, kwa wale walioweza kuleta cheti cha kuzaliwa cha bibi yao. Saa saba hivi, mwanamke aitwaye Zawena alifikishwa mlangoni juu ya mkokoteni, mume wake akiusukuma mbio, uchungu umemkamata. Alikuwa na mimba ya miezi tisa na hakuwa na kadi. Tumsifu alikuwa pale akisafisha feni. Alimwona yule mume akisimama mbele ya tausi wa shaba, amekunja mikono, hajui amwombe nani.

"Nisaidieni," yule mume aliliambia kasha. "Mke wangu."

Mlango ulifunguka kabla hajamaliza, na kigelegele kilichotoka safari ile Waziri hakuwahi kupigiwa. Zawena alijifungua mtoto wa kike hatua ishirini kutoka mlangoni, kwenye benchi la kusubiria, mikononi mwa muuguzi aliyekuwa anakwenda kula.

Habari kama hizo hazihitaji redio. Kesho yake walikuja wawili bila kadi, keshokutwa tisa. Baada ya wiki tatu Dakta Mtutura alipata taarifa kwamba hospitali ilikuwa imewatibu watu mia tatu na kumi na wawili ambao kiutawala hawakuwepo. Kamati ilikaa siku nzima. Wakaangalia maelezo ya walinzi wa ndani ya hospitali, wakagundua kwamba kisomaji hakikuwa kimewafungulia wote. Mwizi wa mashuka alikataliwa mara nne akiwa na kadi halali. Waliofunguliwa wote walikuwa wagonjwa kweli.

Barua aliyoipata Tumsifu ilikuwa na mihuri mitatu. *Imebainika kwamba moduli ina huruma. Unaagizwa kuiondoa huruma hiyo kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, Kamati itakapofika kujiridhisha. Ukishindwa utashtakiwa kwa hujuma.*

Hukumu ya hujuma huko Bwelele ilikuwa miaka kumi na minne. Tumsifu alikwenda nyuma ya kasha, akagonga.

"Wamesema nikuondolee huruma," alisema.

Ikasikika sauti ya chai ikimiminwa. "Waambie haitoki. Imekuja nayo kutoka kiwandani."

"Sitanii, Bi Mashavu. Watafungua kasha hili."

"Mimi nina miaka hamsini na saba. Gerezani nitalinda mlango pia, ujuzi ninao. Wewe je?"

Alhamisi alijifungia ndani ya karakana ya Wizara na ile moduli ya kweli, ambayo wakati wote huo alikuwa ameiweka kwenye droo, imefungwa kitambaa. Kwa msumeno alikata dirisha dogo kwenye kipande cha chuma kama kile cha kasha, akaliziba kwa plastiki ya ndoo, akaiweka antena nyuma yake. Akaiambia isikilize kadi za aina moja tu, iamke mara nne kwa sekunde. Akasogeza kadi. Kwenye sentimita nne na nusu taa ikawaka. Akasogeza kadi isiyosajiliwa: kimya. Akarudia mara hamsini, na mara hamsini haikukosea.

Aliketi akaitazama. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, safi, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu. Angeifunga kesho alfajiri na Kamati ingekuta kisomaji kinachosoma kadi na kuwakataa wasio nazo. Angepewa cheo, pengine hata ukurugenzi wa arobaini na mbili. Na Zawena mwingine angefika na mkokoteni akakuta kimya kilekile cha kadi isiyosajiliwa, kisichokosea hata mara moja kati ya hamsini.

Aliizima. Aliivunja antena kwa koleo, akafuta kila alichokuwa ameiambia, akaenda kununua sukari ya Bi Mashavu.

Ijumaa saa nne Kamati ilifika, watu ishirini na watatu na waandishi wa habari wanane, kwa kuwa Waziri alitaka marekebisho nayo yazinduliwe. Dakta Mtutura alikuwa ameandaa jaribio. Tarishi wa Wizara, mzima wa afya, alijifunga kanga kiunoni, akajikunja, akajikokota mbele ya kasha akilia tumbo, bila kadi.

Mlango haukufunguka. Kasha lilitoa ule mlio wa pili, mkavu.

"Huruma imetoka," alisema Mkurugenzi wa Itifaki, na wengine wakaanza kupongezana.

Ndipo akatokea mzee mmoja amemshika mkono mjukuu wake, wa miaka kama sita, macho yamelegea kwa homa, shingo haijiwezi. Hawakuwa wa jaribio. Hawakuwa na kadi wala hawakujua kwamba kuna Kamati. Waliwapita wajumbe wale wakisema samahani, samahani, na mlango ukawafungukia kama unavyomfungukia mwenye nyumba.

Pongezi zikakatika. Dakta Mtutura akageuka. "Fundi. Funguo."

Tumsifu alizitoa. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili, ikabidi Dakta Mtutura aushike mwenyewe. Mlango wa nyuma ukafunguka. Wote ishirini na watatu waliona: feni, chupa ya chai, sahani ya mihogo, na Bi Mashavu kwenye kigoda chake, kidole bado kiko juu ya kitufe.

"Hamjambo," alisema Bi Mashavu.

Waandishi wa habari walikuwa upande wa mbele wakimpiga picha Waziri pembeni ya tausi, bado hawajaona. Tumsifu alimtazama Dakta Mtutura usoni na akaona jinsi mtu anavyofanya hesabu ya maisha yake. Waziri aliyetangaza kusomwa hadhi yake. Rais aliyelitaja kasha hili Umoja wa Mataifa, dakika kumi na moja. Nchi tatu jirani zilizofukuza wataalamu. Na saini iliyoidhinisha yote, yenye mkia mrefu, ambayo ilikuwa yake.

"Kuna nini humo?" Waziri aliita kutoka mbele.

Dakta Mtutura alishika mlango wa kasha. "Moduli, mheshimiwa," alisema. "Ipo. Iko sawa."

Akaufunga mlango, taratibu, kama mtu anayefunga chumba alicholala mtoto. Kisha akamnong'oneza Tumsifu, bila kumtazama: "Sukari anayo ya kutosha?"

Wajumbe wengine waliunga mkono kwa kuangalia viatu vyao. Jioni ile taarifa rasmi ilisema kwamba kilichodhaniwa kuwa huruma ni uwezo wa hali ya juu wa mashine, na kwamba Bwelele ndiyo nchi ya kwanza kuumiliki. Bi Mashavu aliingizwa kwenye orodha ya vifaa vya Serikali kwa namba, chini ya feni. Akapewa matengenezo kila baada ya miezi mitatu, yaani siku nne za kwenda kwao, na chai yake ikaandikwa kuwa kilainishi. Alipoambiwa kwamba vifaa havistaafu, bali hutumika mpaka vichakae, alifikiri kidogo akasema kwamba basi hakuna tofauti na zamani.

Mwezi uliofuata Rais aliagiza hospitali zote kumi na tisa za mikoa zifungiwe visomaji kama kile. Tumsifu aliitwa kwa Dakta Mtutura kuandika maelezo ya kiufundi ya moduli zitakazohitajika. Aliandika kwa kalamu, mbele ya Katibu Mkuu, bila haraka: *Kila moduli iwe na umri usiopungua miaka hamsini. Iwe imewahi kumuuguza mtu wake hospitalini. Isiogope sare. Kigelegele kisichozidi sekunde kumi.*

Dakta Mtutura alisoma mpaka chini. Alifunga kifuniko cha kalamu yake, akakifungua tena.

"Zote zitakuwa za aina ileile?"

"Aina ileile, mheshimiwa."

Akasaini.

Moduli ya kwanza ilifika Jumatatu saa moja asubuhi, imevaa koti la mvua, ikamwamkia kila mtu pale mapokezi, halafu ikauliza choo kiko wapi.